Skolashipu ya masta ukiwa Kigoma au Tabora: anza na faili, linki baadaye

Kila mwaka ukikaribia kuisha napokea meseji za aina moja. "Kaka shikamoo, naomba linki ya skolashipu." "Mdogo wangu kamaliza chuo pale Tabora ana GPA ya 3.4, anaweza kupata?" "Eti ni kweli lazima uwe na mtu wizarani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwahiyo naandika mara moja hapa, na ukiniuliza tena nitakutumia huu huu mwongozo, usinune.

Naongea na wewe uliyemaliza digrii ya kwanza, upo Mwandiga au Kasulu au Kibondo, au Nzega, au Isevya pale Tabora mjini, una kazi au unajitolea au upo nyumbani unamsaidia mama kuuza mawese, na unataka masta lakini hela ya ada hamna. PhD ina mambo yake, leo siigusi.

Linki zipo bure. Andika jina la skolashipu Google inakuja. Kinachotuangusha sisi wa huku ni kwamba dirisha linafunguliwa, mtu anapata taarifa zimebaki wiki mbili, transkripti ipo chuoni Dar hajaifuata, pasipoti hana, mwalimu aliyemfundisha kabadilisha namba, alafu anasema skolashipu ni za watoto wa wakubwa. Ndo maana nimeupanga mwongozo kinyume na mnavyouliza, karatasi kwanza, tovuti baadaye.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAGUSA FOMU

Transkripti na cheti cha digrii. Siyo provisheno risalti, transkripti yenyewe yenye muhuri. Angalia kama ina maelezo ya mfumo wa alama, mara nyingi yapo nyuma ya karatasi, na hiyo nyuma watu hawaiskani kabisa. Iskani. Vyuo vyetu vingi vinatumia GPA ya 5 wakati msomaji wa kule kazoea ya 4, sasa 3.6 yako bila maelezo anaweza kuielewa vibaya kabisa.

Vyeti vya NECTA vya form four na form six, au cheti cha diploma kama ulipitia huko.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA na namba ya NIDA.

Pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000. Sisi wa mikoa ya mpakani tujue kabisa kwamba maswali ya uraia huwa mengi, utaulizwa babu alizaliwa kijiji gani, kwahiyo tafuta mapema vyeti na vitambulisho vya wazazi, usisubiri upate barua ya ushindi ndo uanze kukimbia. Zipo skolashipu ambazo hazidai pasipoti siku ya kuaplai, ila ukishinda utaihitaji haraka kuliko unavyodhani.

Majina yafanane kwenye vyote hivyo. Hili ndo linalonikera kuliko yote kwa sababu linazuilika. Cheti cha form four kimeandikwa Ramadhani, NIDA Ramadhan, digrii imeongeza jina la babu. Tofauti ndogo nenda kwa wakili uape kiapo kwamba hao wote ni mtu mmoja, tofauti kubwa tengeneza dipoli, yani hati ya kubadilisha jina. Fanya mwaka huu, usifanye wiki ya kuaplai.

Sivii ya kurasa mbili. Toa dini, toa hali ya ndoa, toa shule ya msingi, na toa hobi zako za kusoma na kuangalia mpira.

Imeili yenye jina lako halisi, na uwe unaifungua. Kuna mtu aliitwa interviu akaja kuiona imeili baada ya tarehe kupita kwa sababu imeili yenyewe ilikuwa kwenye simu aliyomuuzia shemeji yake.

Mwisho skani zako zote, PDF, kila faili na jina lake (siyo "IMG_2043"), zikae Google Drive. Ukitegemea flashi ya steshenari ipo siku itarudi na virusi na vyeti vimepotea. Simu yenye kamera ya kawaida na programu ya kuskani inatosha, ila piga mchana karibu na dirisha, usipige usiku na tochi.

HATUA ZENYEWE

1. Andika ukurasa mmoja: unataka kusoma nini, na kwanini

Kabla ya tovuti yoyote. Karatasi na peni. Unataka kusoma kozi gani, ni tatizo gani umeliona kwa macho yako, umeshafanya nini juu yake hata kidogo, na ukimaliza utafanya nini, wapi. Ukiandika "nataka masta yoyote ilimradi nje" hapo hujaanza bado.

Na usijidharau kwa sababu upo Kigoma. Watu wanadhani mwenye nafasi ni wa Dar anayefanya kazi Posta. Hebu angalia tulichonacho. Kuna Ziwa Tanganyika lenye dagaa na migebuka, na nchi nne zinaligawana, siku hizi uvuvi unafungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei kila mtu analalamika. Kuna kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ambako vijana wengi wetu wamefanya kazi na mashirika, hata kama ni ya kuandikisha watu na kugawa vitu. Kuna Gombe na Mahale. Kuna michikichi. Tabora kuna asali, kuna misitu ya miombo inayokatwa kukaushia tumbaku. Mtu wa Uingereza au Ubelgiji anayesoma maombi mia kadhaa ya watu wanaotaka "kuleta maendeleo Afrika" akikutana na mtu anayejua kwanini mfugaji nyuki wa Sikonge anauza asali kwa bei ya kutupa, anaamka kwenye kiti.

2. Chagua skolashipu nne au tano kwa vigezo, siyo kwa umaarufu

Hapa ndo nitakaa kidogo maana ndo mnapouliza sana. Soma vigezo kwanza, alafu ndo upende. Hizi nazijua vizuri:

Chevening, ya serikali ya Uingereza. Masta ya mwaka mmoja, wanalipa ada, nauli na hela ya kujikimu. Wanataka masaa 2,800 ya kazi, ambayo ni kama miaka miwili, na kazi ya kujitolea inahesabika, kwahiyo ule mwaka wako wa kujitolea kwenye shirika siyo bure kama ulivyodhani. Ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Wanapenda uongozi na kujuana na watu zaidi ya GPA kubwa.

Commonwealth, nayo Uingereza. Hii imekaa kitaaluma na kimaendeleo zaidi, apa sekondi (daraja la pili la juu) ndo kiwango cha kawaida wanachotaka. Ile inayoitwa Shared inapita kwenye chuo chenyewe na ni ya watu ambao bila ufadhili wasingeweza kwenda. Kama huna uzoefu mkubwa wa kazi ila umefaulu vizuri, anza na hii kabla ya Chevening.

DAAD ya Ujerumani, hasa ule mpango wa EPOS wenye orodha ya kozi za maendeleo: maji, misitu, afya ya jamii, uchumi, mipango miji. Wanataka miaka miwili ya kazi, na digrii yako isiwe imezidi miaka 6 tangu uipate. Kozi nyingi humo zinafundishwa kwa Kiingereza. Kila kozi ina tarehe yake, kwahiyo usitafute "dedilaini ya DAAD", haipo moja.

Erasmus Mundus. Unasoma nchi mbili au zaidi za Ulaya, wanatoa yuro 1,400 kwa mwezi na ada wanalipa. Kozi ni nyingi ajabu na hii wengi wetu hawaijui, na nyingi hazidai uzoefu wa kazi. Angalizo moja tu, nauli na viza vinatoka kwenye hiyo hiyo 1,400, na hela ya kwanza mara nyingi unaikuta ukishafika, kwahiyo tiketi ya kwanza utaitafuta wewe, ongea na ndugu mapema.

VLIR-UOS ya Ubelgiji, Tanzania ipo kwenye orodha yao, kozi chache lakini nzuri sana kwa mambo ya maji, samaki, kilimo, afya.

Türkiye Bursları ya Uturuki. Inafunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Masta uwe chini ya miaka 30 na ufaulu wa asilimia 75. Unasoma Kituruki mwaka mzima kwanza, tiketi na malazi juu yao.

Hungary wana Stipendium Hungaricum, mwisho katikati ya Januari. Hii ina sehemu mbili, unajaza kwenye mfumo wao na wizara yetu ya elimu nayo lazima ikuteue, watu wanajaza upande mmoja wanalala. China nao wana ya serikali, nyingine inapitia wizarani na ubalozini, nyingine unaomba chuoni moja kwa moja. Japani ni MEXT, chini ya miaka 35, inapita ubalozini kuanzia kama Aprili. Korea ni GKS, chini ya miaka 40, ufaulu wa asilimia 80 kwenda juu.

Kama umeshafanya kazi ya maendeleo miaka mitatu baada ya digrii na bado upo kazini, tazama ile ya Japani na Benki ya Dunia, ila hiyo inataka uwe tayari umepata nafasi chuoni kwenye kozi zao.

Alafu za karibu, ambazo watu wanaziruka wakitafuta theluji. Carnegie Mellon wana kampasi Kigali, masta za teknolojia ya habari na uhandisi, na Mastercard Foundation wanafadhili watu pale. Kigali siyo mbali na Kigoma! Mastercard Foundation hao hao wapo pia Makerere, Pretoria na Cape Town. DAAD wana ufadhili wa kusomea humu humu Afrika Mashariki. SUA kule Morogoro na Nelson Mandela kule Arusha huwa na miradi ya utafiti ambayo inakuja na nafasi za masta zilizolipiwa, matangazo yake yanakaa kwenye tovuti za vyuo wiki chache tu yanaondolewa.

Bodi ya mikopo ya HESLB msiiweke kwenye hesabu zenu za masta kama tegemeo, nguvu yake kubwa ipo digrii ya kwanza.

Ukishasoma vigezo, futa zote ambazo huna hata kigezo kimoja. Usijipe moyo kwamba "labda wataniangalia". Mfumo unakutoa kabla binadamu hajafungua faili lako.

3. Tengeneza kalenda, na ujue saa wanayomaanisha

Mwaka wa skolashipu unaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka kuondoka Septemba ya mwakani, unaaplai kuanzia Agosti ya mwaka huu. Chevening inafunguliwa Agosti, inafungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Commonwealth ni kati ya Septemba na Desemba. Erasmus nyingi ni Oktoba mpaka Januari. Hungary na Uturuki ni Januari na Februari, Korea inafuata. Tarehe zinasogea kila mwaka kwahiyo thibitisha kwenye tovuti yao wenyewe, siyo kwenye grupu la WhatsApp ambako tangazo la miaka mitatu nyuma linazunguka kama jipya.

Saa sasa. Ukiona dedilaini ni 12:00 UTC, hiyo ni saa sita mchana kwa saa ya kimataifa, kwetu ongeza masaa matatu, yani saa tisa alasiri. Chevening wamezoea kufunga saa hiyo. Mtu anasoma 12:00 anajua ana mpaka usiku, anatoka kazini jioni, ananunua bando, anakuta pamefungwa. Andika ukutani kwa saa za kwetu na utoe siku tatu nzima, hiyo ndo iwe dedilaini yako.

4. Wadhamini wa barua: waanze mapema, wabebe mgongoni

Nyingi zinataka watu wawili wa kukuandikia barua, mmoja wa chuo na mmoja wa kazini. Mwalimu wa chuo ana wanafunzi mia tatu, hakukumbuki. Usimwandikie "naomba recommendation" ukanyamaza. Mwandikie hivi, kwa imeili, alafu meseji ya kumtaarifu:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni fulani, nilimaliza mwaka 2021 shahada ya sayansi ya mazingira, ulinisimamia ripoti ya mwisho iliyohusu maji ya visima vya Ujiji. Saivi nafanya kazi Kasulu kwenye mradi wa maji. Naomba skolashipu ya Commonwealth ya masta ya usimamizi wa maji, mwisho wa barua ni tarehe 10 mwezi ujao. Nimeambatanisha sivii, transkripti, ile ripoti, na maelezo mafupi ya kozi. Kama utakuwa na nafasi ya kuniandikia nitashukuru, na kama ratiba imebana naomba unijulishe tu Dokta nitaelewa."

Umeona? Kamkumbusha yeye ni nani, kampa vifaa, kampa tarehe, na kamwachia mlango wa kukataa. Huo mlango ni muhimu maana mwalimu anayekubali kwa aibu ndo huyo hatumi.

Mambo mawili hapa watu wanakosea sana. La kwanza, wanajiandikia barua wenyewe na kumpelekea mtu asaini, alafu barua mbili za watu wawili zina maneno yale yale. Wasomaji wanaona. La pili, wanaweka cheo: mheshimiwa diwani, mbunge, askofu. Mheshimiwa hajui ulifanyaje kazi. Bosi wako wa pale pale ofisini, hata kama ni msimamizi wa mradi mdogo, ana thamani kuliko mbunge.

Wiki mbili kabla kumbusha mara moja, siku nne kabla piga simu. Kumkumbusha mtu mzima siyo utovu wa adabu ukianza na salamu.

5. Kiingereza

Usikimbilie kulipia IELTS. Ni ghali, matokeo yake yanadumu miaka miwili tu, na kwa sisi ni safari, treni ya reli ya kati toka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, weka na kulala na kula. Kwanza angalia kama chuo kinakubali barua ya chuo chako cha zamani inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, vyuo vingi vya Ulaya bara vinakubali. Wengine wanakubali mtihani wa Duolingo ambao unafanyia nyumbani, haufiki dola 100, ila unataka intaneti isiyokatika, chumba kimya na kompyuta yenye kamera, kwahiyo usiufanyie kwenye intaneti kafee watu wanapita nyuma. Ikibidi IELTS kabisa, iunganishe na safari nyingine ya Dar, kama kufuata transkripti.

6. Nafasi ya chuo

Skolashipu na nafasi ya chuo ni vitu viwili, na utaratibu unatofautiana. Chevening unaaplai skolashipu kwanza na kutaja kozi tatu, huku unaomba vyuo pembeni. Erasmus vyote vinakwenda kwa pamoja. Sweden unaomba chuo kwanza kwenye mfumo wao wa taifa, na kuna ada ya krona 900, skolashipu ya Swedish Institute inafuata baadaye. Kulipa ada kama hizo huhitaji akaunti ya dola, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi, jaribu na kitu kidogo kwanza ujue haigomi.

7. Barua, au insha

Hapa ndo vita ilipo. Barua ya wengi inaanza hivi:

"Tangu nikiwa mdogo nilikuwa na ndoto ya kusaidia jamii yangu. Nimezaliwa katika familia maskini mkoani Kigoma. Ninaamini elimu ni ufunguo wa maisha na nikipata ufadhili huu nitaleta mabadiliko chanya."

Hakuna uongo humo, ila hakuna mtu pia. Toa jina Kigoma weka Lindi, barua ni ile ile. Sasa soma hii, ya mfano, ya afisa uvuvi:

"Mwalo wa Kibirizi dagaa wengi bado wanaanikwa chini. Mvua za Novemba zikianza, mzigo wa usiku mmoja unaoza kabla ya jua kutoka, na anayebeba hasara ni mama aliyenunua kwa mkopo, siyo mwenye mtumbwi. Mwaka jana nilishawishi kikundi cha akina mama kutumia vichanja vya waya. Dagaa walikauka haraka na bila mchanga, lakini vichanja vilikaa miezi mitatu bila kazi kwa sababu hatukuwa na mpango wa miezi ziwa likifungwa. Nataka kusoma teknolojia ya mazao ya samaki kwa sababu tatizo lililobaki, la kuhifadhi, sina ujuzi nalo."

Hapo kuna sehemu, kuna mtu aliyefanya kitu, kuna kilichoshindikana, na kuna sababu ya kwenda shule. Weka na namba zako za kweli, akina mama wangapi, ndoo ngapi. Umaskini wako unaweza kuutaja kwa sentensi moja, ila usiufanye ndo hoja, kila anayeaplai naye ana wake.

Kuhusu programu za akili mnemba, najua mnatumia. Ikusaidie kurekebisha sarufi sawa. Ukiiachia iandike yote inakupa ile barua ya kwanza kwa Kiingereza kizuri zaidi, na wenye skolashipu kubwa wanachunguza maandishi ya kunakili. Andika kwanza kwa Kiswahili kama unamweleza mjomba, ndo uhamishie Kiingereza. Alafu mpe mtu mmoja anayejua Kiingereza na mmoja asiyejua kabisa fani yako wasome. Watano ni wengi sana, watakuvuruga.

Na kila skolashipu ina barua yake. Kuacha jina la DAAD kwenye barua ya Ubelgiji, jamani.

8. Jaza fomu, tuma, hifadhi ushahidi

Majibu marefu yaandike kwenye Word kwanza ndo unakili kuingiza kwenye fomu, maana umeme ukikatika au mfumo ukikutoa unaanza upya. Heshimu idadi ya maneno. Kwenye GPA andika kama ilivyo na utaje kwamba ni ya 5, usijibadilishie mwenyewe kwa kugawanya gawanya mpaka wakuombe na wakupe njia ya kubadilisha. Faili likiwa kubwa lipunguze, ila fungua uangalie kama muhuri bado unasomeka. Ukibonyeza kutuma subiri imeili ya uthibitisho, piga picha ya skrini.

9. Interviu

Nyingi siku hizi ni za mtandaoni. Tafuta sehemu yenye intaneti ya uhakika siku moja kabla, ofisi ya rafiki au hoteli, uwe na simu ya pili yenye bando la mtandao mwingine. Watauliza yale yale uliyoandika, kwahiyo soma barua yako. Swali la "ukirudi utafanya nini" lijibu kwa sehemu na ofisi, mfano halmashauri ya Uvinza, idara gani, kazi gani. Na ukiulizwa usichojua sema hujui, wanapenda hivo kuliko mtu anayezunguka.

MATAPELI

Skolashipu ya kweli haikutozi hela ili "ushughulikiwe". Ada ya chuo ya kuombea nafasi ipo, inalipwa kwenye tovuti ya chuo. Lakini mtu anayekwambia tuma 200,000 kwa namba yake ya simu eti nafasi yako imeshakubaliwa, huyo hana nafasi. Kuna na mawakala wanaojifanya wa skolashipu za China kumbe wanakutafutia chuo cha kulipia, unafika kule ndo unaletewa bili. Dawa yake ni kuandikia chuo chenyewe kwa imeili iliyopo kwenye tovuti ya chuo, uulize kama barua yako ni yao. Na hapana, huhitaji mtu wizarani. Zile zinazopitia wizarani zinatangazwa wazi kwenye tovuti ya wizara, tatizo ni kwamba matangazo hayo yana siku chache.

UKIKWAMA

GPA ipo chini ya 3.5. Milango inapungua, haifungwi yote. Chevening na baadhi ya kozi za Erasmus zinaangalia mtu mzima zaidi. Tafuta kitu cha kuongezea, kozi fupi za mtandaoni zenye cheti, utafiti mdogo uliosaidia, mfano kukusanya data na watafiti wanaokuja ziwani au Gombe, wapo kila mwaka na wanahitaji mikono.

Huna uzoefu wa kazi. Jitolee mahali penye barua, yani mwisho wakupe barua inayosema uliingia lini, ukatoka lini, masaa mangapi kwa wiki. Kujitolea bila karatasi hakuhesabiki.

Mwalimu hajibu. Mpigie katibu wa idara, wale ndo wanajua alipo. Amehama au kafariki, tumia mwingine aliyekufundisha hata somo moja, au mkuu wa idara aandike kutokana na rekodi.

Umepata nafasi chuoni ila ufadhili hamna. Usikubali kulipa amana kwa hela ya kukopa kwenye vikoba. Andika kwa chuo uombe kusogeza nafasi mpaka mwaka unaofuata, wengi wanakubali, nawe unarudi kwenye maombi ukiwa na barua mkononi.

Wewe ni mtumishi wa serikali. Ongea na mwajiri kabla, siyo baada. Barua inapita kwa mkuu wako wa idara kwenda kwa mkurugenzi, na ukienda bila ruhusa ya masomo unaweza kurudi ukakuta jina halipo. Omba masomo yako yaingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mwaka mmoja kabla.

Umepigwa chini. Kawaida sana, wengi unaowaona wapo nje walipigwa chini kabla. Subiri wiki moja hasira ziishe, alafu fungua barua yako uisome kama ya mtu mwingine. Faili lako la karatasi bado lipo, mwaka wa pili kazi ni nusu.

Umepata! Kabla hujaaga watu, angalia kama chuo unachoenda kinatambulika na TCU (tume yetu ya vyuo vikuu), maana ukirudi cheti cha nje kitapelekwa kwao kitambuliwe ndo mwajiri akikubali. Nakala za vyeti vyote mwachie mtu nyumbani kwenye bahasha, na transkripti halisi ubebe mkononi kwenye ndege, usiweke kwenye begi la chini.